Walinzi Waliomgeukia Upendo

Cletus Kasogela,
Majengo, nyuma ya kanisa,
Mpanda, Katavi.
Tarehe 5 Oktoba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Scolastica,

Hujambo mama? Hapo Korogwe mmeamkaje? Shemeji Danford miguu yake imepungua kuvimba? Na ile presha yako umeikanya, au bado inakuendesha? Nasikia kwenu vuli imeanza kudondosha. Huku jua linachoma mpaka kuku wanatembea midomo wazi. Mawingu yanapita, yanatutazama, yanakwenda zake.

Mimi ni mzima, tena mzima wa kuonewa gere. Miaka sabini na mbili, na wiki iliyopita nimepanda mninga kwa kamba, nimeshusha mzinga wa gome umejaa, sikumwita mtu anishikie hata jani. Hao vijana wa Majengo wanaonyanyua vyuma asubuhi nimewaambia njooni porini mnyanyue hiki. Hakuja hata mmoja. Wifi yako Dafrosa naye mzima, ila maneno yamemzidi uzito.

Usishangae kuona karatasi zama hizi za simu. Nikishika simu tu, Dafrosa anakuja kupepeta mchele karibu yangu, hata kama mchele huo ulishapepetwa jana. Karatasi haina masikio. Na nimeiandika mwenyewe, sikumtuma mtu. Unakumbuka kisomo cha watu wazima, mwalimu Salvatori alivyosema Cletus ameanza wa mwisho na amemaliza wa kwanza? Basi leo ni siku ya tatu niko kwenye daftari hili. Vidole vinauma kuliko siku ya kuchonga mzinga, ila angalia herufi zangu zilivyosimama.

Najua Dafrosa ameshakupigia. Najua na alichokueleza, maana nilikuwa nimekaa ukumbini. Machibya kafanya hivi, Machibya kampeleka mtoto, Machibya Mungu ambariki. Dakika arobaini, Scola, na jina langu halikutajwa hata pale penye nafasi. Mwenye mtoto ni mimi. Habari ya ugonjwa wake uipate kwangu.

Jambo lenyewe limekaa vibaya. Tarehe ishirini mwezi huu Upendo anatakiwa awe Mwanza, hospitali, kuwekewa dripu ambayo inarudiwa kila miezi sita. Akiikosa, ugonjwa unaweza kurudi ukamchukulia na mguu uliobaki. Na Machibya, baba mkwe wake kule Kasansa, ametamka mbele ya ukoo wake kwamba hampeleki tena, kwa sababu Upendo aliwahi kukataa dawa. Masalu, mume wake, hawezi kupita juu ya neno la baba yake. Kwa hiyo mtoto amekaa tu, tarehe inamjia.

Nikurudishe nyuma kidogo uelewe.

Mwaka juzi wakati wa kupalilia, Upendo alikuja hapa akasema jicho la kulia limeingia ukungu. Akiligeuza linauma ndani kwa ndani, na kitambaa chekundu anakiona kama kimefuliwa mara mia. Unajua mwanao ni fundi cherehani, jicho ndilo jembe lake. Nikamtilia asali ya wale nyuki wadogo wasiouma, tone asubuhi, tone jioni, kama marehemu baba alivyokuwa anatufanyia sisi. Wiki ya tano jicho likafunguka. Nilitembea Majengo nzima natangaza. Watu walianza kuniletea macho yao.

Kumbe ugonjwa huu, hasa miaka ya mwanzo, una tabia ya kuja na kuondoka wenyewe. Jicho lile lingefunguka hata nisingelitia kitu. Daktari aliniambia baadaye, na akanikataza kutia asali kwenye jicho la mtu. Hili libaki kwako.

Mwaka jana Oktoba, kwenye joto kama hili, miguu ikaanza kumtembea kama ya mtu mwingine. Kifuani akasikia amefungwa mkanda, na mkanda haupo. Akikaa juani anazidiwa, akijimwagia maji anapata nafuu. Mimi nilisema ni uvivu wa watu walioolewa kwenye ng'ombe wengi. Ndiyo, nilisema hivyo. Machibya aliuza maksai wake wawili wa kulimia, akapanda naye basi, akakaa Mwanza siku kumi na tatu. Mzee wa Kisukuma aliyezoea kulala anasikia ng'ombe wake wanacheua, akalala kwenye benchi la hospitali kwa ajili ya mtoto wangu.

Hapo ndipo wivu uliponiingia, mdogo wangu. Nakuambia wewe tu. Uliniingia kama siafu, hujui wamekupanda saa ngapi, unajua tu wameanza kuuma.

Waliporudi walipitia hapa nyumbani. Machibya akakaa kwenye kiti changu. Hakujua ni changu, lakini alikaa.

"Mwadila, mzee Cletus," akanisalimu kwa Kisukuma. "Ugonjwa umepata jina. Em-esi."

Jina refu analijua Upendo, maltipo sklerosisi, maana yake makovu mengi. Nikauliza makovu ya nini, hajapigwa na mtu. Machibya akavuta pumzi kama mwalimu.

"Mzee, kwenye zizi langu nina mbwa. Kazi yao ni fisi. Sasa uchukulie mbwa wamekosea, wanang'ata ndama wa humo humo zizini. Ndani ya damu ya kila mtu kuna mbwa kama hao, wanalinda magonjwa yasiingie. Wa Upendo wameingia kichwani na kwenye uti wa mgongo, wanatafuna ngozi ya mishipa ya fahamu."

Upendo akacheka. Kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu jicho lilipougua. Akasema, "Baba, na hao mbwa wamebakiza masikio tu." Nikageuka nimjibu. Alikuwa anamwangalia Machibya.

Nikasema mbwa hawahusiki hapa. Mbwa unamfunga kamba, unampiga fimbo, anasikia. Hii ni habari ya nyuki, na mambo ya nyuki Katavi hii nzima mnauliza mlango wangu.

"Nyuki tena?" Machibya akasema. "Mzee Cletus, wewe hata kwenye harusi ya watoto ulileta nyuki."

"Nilileta asali."

"Na nyuki walikuwemo."

Wakacheka wote, Scola, kwenye nyumba yangu, na Dafrosa ndiye aliyecheka kuliko wageni.

Lakini kuna kitu kimoja katika maneno yale nilikiokota nikakifurahia. Kinga ya Upendo ni kali. Walinzi wake wana nguvu hata wanavuka mipaka. Hapa mtaani kulikuwa na minong'ono, mwanamke kijana anakonda, miguu haina nguvu, unajua watu wanavyofikiria. Basi nikatoka nyumba kwa nyumba. Nikasema mwanangu hana upungufu wa kinga, anayo ya kumwaga, ni damu ya kwetu hiyo, babu yetu aliumwa na nyoka mara tatu akafa na uzee. Nililala vizuri siku ile.

Daktari alikuwa amempangia arudi Januari, aanze dripu ya kupunguza walinzi. Mimi niliposikia kupunguza, damu ikanipanda. Redio kila siku ongeza kinga, kunywa mlonge, kula tangawizi. Dunia nzima inatafuta kinga, halafu mwanangu anayo ya ziada, wao wanataka kuiua?

Sasa hapa, Scola, nakwenda polepole, maana neno hili sijamwambia mtu. Dafrosa hajui. Machibya hajui.

Upendo alikuwa kwangu baada ya Krismasi, amekuja kupumzika. Nikachemsha mizizi ninayoijua, nikatia gundi ya nyuki na asali, kikombe asubuhi, kikombe jioni, ili kinga izidi. Siku moja Dafrosa yuko sokoni, Upendo akaniambia, "Baba, wiki ijayo nakwenda Mwanza na mzee Machibya." Nikamwambia, "Ukienda kuua walinzi wa ukoo wangu usiniite baba tena. Kamwite huyo wa ng'ombe." Ndivyo nilivyosema. Alikuwa anashona pindo la shuka, akaacha kushona. Akauzungusha uzi kwenye kidole, akauzungusha, mpaka kidole kikawa cheupe. Akasema, "Basi baba. Sitakwenda."

Nilifurahi. Sikudanganyi. Nilifurahi kwa sababu nimemshinda Machibya, sikufurahi kwa sababu nyingine.

Mwezi wa tatu, akiwa Kasansa, aliamka asubuhi mguu wa kulia hauna habari naye. Upo, lakini akiuambia kitu hausikii. Na mkojo ukawa hausikii pia, mtu mzima, mbele ya wakwe. Machibya akakodi gari mpaka Mpanda. Mimi nikakimbia stendi. Mlango ukafunguliwa, nikanyoosha mikono nimshushe. Upendo akasema, "Baba, nishike." Machibya akamshika. Sijui alikuwa anamwita nani kati yetu. Mpaka leo sijauliza.

Wiki iliyofuata nikapanda basi peke yangu nikawafuata Mwanza, na lita tano za asali na hasira lita kumi. Daktari wake nikamkuta ni binti, anaitwa Lusia, kwa kumtazama ni mdogo kuliko Upendo. Nikamwambia, "Wewe ndiye unayetaka kuua walinzi wa mwanangu?"

"Shikamoo mzee. Karibu ukae."

"Marahaba. Nitakaa nikishajibiwa."

"Basi na mimi nasimama," akasema, na kweli akasimama. Machibya kwenye benchi akawa anaangalia ukuta kama una maandishi.

Akanionyesha picha ya ubongo wa Upendo, umechorwa na mashine kama tikiti lililokatwa. Ndani yake madoa meupe. Akasema mishipa ya fahamu ni kama nyaya, na kila waya una ganda la mafuta. Ganda likichunwa, neno linalotoka kichwani kwenda mguuni linachelewa, au linapotelea njiani. Kwenye joto linapotea zaidi. Madoa yale ndiyo mahali palipochunwa, pamebaki makovu. Na wachunaji ni chembe nyeupe za damu yake mwenyewe.

"Kwani hazijui kwao?" nikauliza.

"Hilo tunauliza wote, mzee. Kuna kirusi ambacho karibu kila mtu anakipata utotoni, na wengi hata hawajui walikipata. Tunadhani kwa watu wachache kipande chake kinafanana na kipande cha ganda hilo. Walinzi wanajifunza kumkamata mwizi, halafu wanamkamata na ndugu aliyefanana naye. Lakini sababu yote hatujaijua. Si laana, si kosa lake, na haiambukizi."

Hapo nikakaa. Nikamwambia, binti, hilo unalolitafuta kwenye vitabu mimi nimeliona kwa macho. Mwaka mmoja nilihamisha masega ya mzinga mmoja nikayatia kwenye mwingine. Nyuki wa mle mle waliotambaa juu ya masega ya wageni wakashika harufu. Walitoka kutafuta maua, wanarudi, walinzi wa mlangoni wakawanusa, wakawaua. Dada zao wa tumbo moja. Asubuhi mizoga imejaa chini ya mti, na mwizi hakuwepo.

Daktari akachukua kalamu akaandika. Aliandika, Scola! Maneno yangu! Machibya aliona. Mbwa wake hawakuandikwa.

Halafu akaniuliza, "Na wewe mzee ulifanyaje, uliwaongezea nguvu walinzi?"

Nikasema, mtu gani mwenye akili afanye hivyo? Nilitia moshi wapoe.

"Basi na mimi natia moshi," akasema.

Akanieleza. Walinzi wanaohusika sana ni wa namna mbili, wanaitwa T na B. T ndio wanaovuka kuingia kwenye ubongo kuchuna, na kuita wenzao. B kazi yao mojawapo ni kuwaonyesha: huyu hapa, mkamateni. Dripu inaondoa hao B. Mwonyeshaji akikosekana, wachunaji wanapoa. Hawapotei milele, mwili unazaa wengine kutoka kwenye uboho wa mifupa, ndiyo maana dripu inarudiwa. Na akiwa kwenye dawa, akipata homa asingoje kesho, maana walinzi wamepungua kweli. Dawa haiponyi. Inazuia mapigo mapya. Mguu utarudi kwa kiasi utakachotaka wenyewe.

Akagusa madoa mawili kwenye picha. "Haya Novemba hayakuwepo."

Machibya akageuka kutoka kwenye ukuta wake. "Na kama angekuja Januari?"

"Siwezi kuapa, mzee. Lakini huenda yasingekuwepo."

Akamgeukia Upendo kitandani, akamuuliza kama kuna dawa nyingine aliyokuwa anatumia nyumbani, ya mizizi au ya nini. Upendo aliniangalia. Akasema, "Hapana daktari. Chai tu."

Dripu ya kwanza aliwekewa Aprili, Machibya pembeni yake; mimi nilikuwa nimesharudi Mpanda na asali yangu yote. Nilisahau hata kuwapa.

Alhamisi iliyopita Masalu alikuja hapa na pikipiki, amejaa vumbi mpaka nyusi. Akatueleza kwamba baba yake alikuwa anapanga safari ya tarehe ishirini, akamuuliza Upendo kwa upole, "Mwanangu, ile Januari ulikataa kwa nini? Niambie tu nielewe." Upendo akajibu, "Nilikataa mwenyewe baba. Niliogopa sindano." Machibya akasema kama ni hivyo basi, mwaka huu nyumba yake inalima kwa jembe la mkono kwa sababu ya mtu anayeogopa sindano, na yeye amefika mwisho. Dafrosa aliposikia akamsema mtoto ujinga wote wa duniani. Mimi nilikuwa nakula. Nikaendelea kula.

Nilipoanza barua hii nilikuwa nimepanga nikuombe wewe, shangazi yake, upande basi uje Kasansa umwombee msamaha kwa wakwe. Shangazi anasikilizwa. Ungesema mtoto alikuwa na woga, mtoto ni mtoto. Mimi ningekaa pembeni kwa heshima yangu.

Lakini unanijua, mimi kusoma kimoyomoyo sikufundishwa. Lazima nitoe sauti. Jioni hii nimekaa uani nikairudia barua toka juu, nikafika pale pa kidole na uzi, nikajisikia mwenyewe. Sikuendelea. Naona nilitaka upande basi siku mbili kuja kusema uongo wangu kwa mdomo wako.

Naiacha hapa. Nakwenda Kasansa mwenyewe, nitaimalizia nikirudi.

Tarehe 9 Oktoba.

Nimerudi jana. Njia ya mbugani mbung'o wamenitafuna shingo, ila basi halikuharibika.

Nilimkuta Machibya shambani na wanawe watatu, wanainua kingo za majaruba ya mpunga kwa jembe la mkono. Jua la saa saba. Mzee wa rika langu, mgongo umelowa.

"Mwadila, mzee Cletus. Umekuja kumchukua binti yako?"

"Nimekuja kusema neno."

"Sema."

"Ngoja nipumue kwanza."

"Nyuki wamekufukuza?"

Nikasema. Nilisema wima, sikukaa. Aliyemkataza Januari ni mimi. Nilimwambia akienda asiniite baba. Yeye hakuogopa sindano, anashikashika sindano toka ana miaka kumi. Alinificha mimi.

Machibya hakusimamisha jembe. Akapiga mara tatu, nne. Akauliza akiwa ameinama, "Kwa nini ulimwambia hivyo?"

"Kwa sababu alikuwa anakuita wewe."

Hapo akanyooka. Aliniangalia mpaka nikatafuta pa kuweka mikono. Akasema, "Rudia. Wanangu hawajasikia, na wao ndio waliomsema." Akawaita kutoka mwisho wa jaruba. Nikarudia. Masalu alitupa jembe lake akaenda kusimama mbali, hakutaka kuniona. Kisha Machibya akasema, twende nyumbani, na wanawake walimsema pia. Nikarudia mara ya tatu mbele ya mke wake Nyanzala na wakamwana wote wamekaa na nyungo zao. Mimi, Scola, ambaye hata padri nikimwambia kitu mara moja hanirudishi.

Upendo alikuwa mlangoni, ameegemea fimbo. Mguu umerudi kiasi, anauburuta. Alisema tu, "Na mimi nilidanganya. Naomba mnisamehe." Nyanzala akapiga makofi mara moja. "Kumbe wazee wawili wazima na mvi zenu mnagombania kuitwa!" Wale wakamwana wakaficha nyuso kwenye kanga.

Machibya hakucheka. Alisema jambo ambalo nalibeba tangu jana, kila nikiliweka chini nalikuta begani.

"Mzee Cletus, nina wakamwana wanne. Wote wananiita baba, ni adabu ya nyumba hii. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuacha dawa kwa ajili yangu."

Hapo nikakaa chini, mimi niliyekuwa nimesimama tangu shambani.

Akaingia ndani akatoka na mfuko wa plastiki, ndani yake picha zote za mashine, kadi na karatasi. Akaniwekea mapajani. Akasema safari hii unakwenda wewe. Pale pa kusubiri pana baridi asubuhi, chukua blanketi. Dripu inakwenda polepole, karibu siku nzima, usimharakishe nesi. Akisema koo linawasha au kifua kinabana, mwite nesi hapo hapo, wanapunguza mwendo wa dawa. Na usimpe asali.

Unaona, Scola? Alijua koo linaweza kuwasha. Mimi baba yake sikujua. Nilimwomba anirudie maelezo yote tena, taratibu, nikayaandika nyuma ya daftari hili hili. Wivu haujaniisha, nisikudanganye, ulinipanda tena pale pale nikiwa naandika. Lakini niliandika kila neno.

Jumamosi ya tarehe kumi na nane tunapanda basi mimi na yeye. Moyo unanidunda kama naanza shule. Mizinga yote niliyoipanda sijawahi kuogopa namna hii.

Wakati wa kuagana Upendo alinisindikiza mpaka penye miba ya zizi, na fimbo yake. Nikamwambia, mwanangu, kuanzia leo niite utakavyo. Niite mzee, niite Cletus kavu, hata usiniite kabisa. Dripu usikose kwa ajili ya mtu yeyote, na huyo mtu hata akiwa mimi.

Akasema, "Ndiyo, baba."

Basi usipande basi kuja, dada yangu, pumzisha presha yako. Tuombee tu tarehe ishirini. Nisalimie shemeji Danford, mwambie azidi kuinua miguu akikaa. Nisalimie Yustina na Josephat, na hao wajukuu wako ambao hawajawahi kuonja asali ya kweli. Nyanzala na Machibya wanakusalimu, nimeambiwa nikufikishie, nimefikisha. Mungu aliyetutoa tumbo moja azilinde nyumba zetu mbili, na walinzi wake wamjue kila mtu wa kwao.

Nikupendaye daima, kaka yako,
Cletus.

Dafrosa bado hajui. Usimwambie kwenye simu. Jumapili baada ya misa nitamwambia mwenyewe, na najua mchele wa mwezi mzima utapepetwa juu ya kichwa changu.